Namba 318 wa Chini

Kipyegon na mimi hatukupatana tangu siku ya kwanza, na hata leo tukikutana Kericho mjini tunasalimiana kwa sababu watu wanatuona, si kwa sababu nyingine. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kudhani hii ni hadithi ya watu wawili waliogombana kisha wakaelewana. Hatukuelewana. Mimi nilikosea, yeye akawa sahihi, na bado sikumpenda.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa karani wa kompyuta katika shamba moja kubwa la chai upande wa Boito. Jina la shamba nitaliacha, lina mawakili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, diploma ya Kisumu, na mdomo usiojua breki. Kipyegon alikuwa karani wa nyumba kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa hapo hapo, baba yake alizaliwa kabla chai haijapandwa. Kazi yangu aliitaka ipewe binti wa dada yake aliyesomea taipu Kericho. Nikaipata mimi, mtu wa kutoka ziwani, na uchaguzi ulikuwa umepita juzi tu, watu bado wanatazamana kwa pembe ya jicho. Walipokuwa wakiongea Kikipsigis kisha wote wakanyamaza nikiingia, sikuhitaji mkalimani.

Nami sikuwa malaika. Nilikuwa namwiga anavyotamka "kitabu", ile b ikitoka kama p, na wasichana wa mapokezi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Siku moja aligeuka akanikuta katikati ya mchezo huo. Alirudi kwenye karatasi zake, akaendelea kuandika. Afadhali angenitukana.

Sasa nieleze shamba lilivyopangwa, maana bila hilo hakuna hadithi. Tulikuwa na divisheni mbili, Juu na Chini, na kila moja ilihesabu wafanyakazi wake kuanzia moja. Kwa hiyo kulikuwa na namba 318 wa Juu na namba 318 wa Chini, watu wawili wasiojuana, kila mmoja na nyumba yake ya kampuni kambini. Wazungu walioanzisha shamba walipanga hivyo, na baada yao hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Nyumba ilifuata namba. Namba yako ikifutwa, nyumba si yako tena, hata kama sufuria iko motoni.

Na namba ilifutwa kwa utaratibu. Mtu akikosekana kazini siku ishirini na moja bila ruhusa anaitwa mtoro. Kipyegon anaandika karatasi, mimi naifuta namba kwenye kompyuta, Ijumaa saa sita mchana nachapisha orodha ya nyumba tupu na kuibandika ubaoni nje ya ofisi. Jumamosi asubuhi nyapara anakwenda na kufuli, na kufikia mchana familia nyingine imeshaingia, kwa kuwa watu wa kungojea nyumba hawakuisha. Zamani, kabla ya kompyuta, Kipyegon alikuwa akitembea mwenyewe mpaka mlangoni, anaita jina, anauliza majirani, ndipo kufuli linafungwa. Meneja alipoona orodha safi iliyochapwa, akasema hakuna haja tena ya karani kuchosha miguu. Lile lilimuuma Kipyegon vibaya sana, na mimi nilifurahi kuona linamuuma.

Programu yenyewe niliirithi kutoka kwa jamaa mmoja wa Nakuru aliyeiandika akachukua chake akaenda. Databesi zilikuwa mbili, ya Juu na ya Chini. Programu ilijua iende kwa ipi kwa kusoma mstari mmoja mrefu katika faili ndogo: jina la databesi, mahali ilipo, neno la siri. Tuliuita mstari wa konekisheni. Ulisomwa mara moja tu, programu inapowashwa. Kwa hiyo kuhama kutoka Chini kwenda Juu, ilibidi nifunge programu yote, nifungue faili, nifute mstari, niandike mwingine, niwashe upya, na kompyuta ile ilikuwa ikiwaka inanguruma kama lori linalopanda mlima. Dakika sita, siku ikiwa nzuri.

Kipyegon alilijua hilo. Ningeapa mbele ya mchungaji kwamba alilijua. Aliniletea karatasi zimechanganywa, moja ya Juu, moja ya Chini, moja ya Juu, moja ya Chini. Nikimwambia azitenge, ananijibu kwamba zimepangwa kwa tarehe. Halafu kila karatasi lazima nitie sahihi katika daftari lake kubwa la jalada gumu kwamba nimeipokea, kama mtoto anayepokea maziwa ya shule. Nilikuwa nikitia sahihi kwa kukandamiza kalamu mpaka inatoboa karatasi.

Basi nikamwendea meneja, Bwana Gibson, nikamwambia naweza kuifanya programu ihame bila kuzimwa. Gibson alipenda kompyuta kwa sababu wageni wa makao makuu waliipenda. Akaniambia nifanye, na nikimaliza nimwonyeshe.

Ilinichukua siku mbili. Juu ya skrini niliweka kisanduku chenye majina mawili, Juu na Chini. Ukichagua jina, mstari wa konekisheni unabadilika pale pale, programu ikiwa inaendelea, na kila dirisha utakalofungua linakwenda kwa databesi mpya. Kisha, kwa kuwa nilitaka kujionyesha, nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyekiomba: vichwa vya madirisha yote vinabadilika rangi kwa pamoja, kijani kwa Juu, buluu kwa Chini. Nilikuwa nikibonyeza huku na huku peke yangu ofisini, kijani, buluu, kijani, buluu, na nilijiona nimefika.

Gibson alikuja kutazama na watu watano nyuma yake, Kipyegon akiwa mmoja wao. Nikabonyeza. Skrini ikageuka kijani, watu wakaguna kwa kupendezwa. Gibson akauliza kama kuna swali, vile mabosi huuliza wakiwa hawataki swali. Kipyegon akainua kalamu.

"Madam, mimi nikihama kitabu, nafunga kwanza ile ya zamani," alisema. "Hii dirisha yako ilikuwa imefunguliwa ukiwa Chini. Sasa umesema uko Juu, na yenyewe bado iko wazi. Itajua aje kwamba umehama?"

Lilikuwa swali zuri. Nimefanya kazi ya kompyuta miaka mingi tangu siku ile, na nimekaa na watu wenye digrii ambao hawangeliuliza. Lakini lilitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kugusa kibodi, mtu niliyemchukia, mbele ya bosi wangu. Sikulifikiria hata kwa nukta moja. Nililitupa.

"Mzee, hii si daftari," nilimwambia. "Umeona rangi imebadilika. Wewe shika kalamu yako, mimi nishike kompyuta."

Gibson akacheka, na wengine wakacheka kwa kuwa Gibson amecheka. Kipyegon akarudisha kalamu mfukoni, akatoka kabla ya wengine. Nilihisi nimeshinda, na hisia hiyo nilikaa nayo wiki tatu nzima, nikiilamba kama asali.

Katika wiki hizo tatu hakuna kilichoharibika, na sababu ni ya kipumbavu. Nilikuwa bado na mazoea ya zamani ya kufunga kila dirisha nikimaliza nalo. Mazoea ndiyo yaliyokuwa yakinilinda, wala si akili yangu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano nilikuwa nimeshinda na kazi ya Chini tangu asubuhi. Dirisha la kufuta namba lilikuwa wazi. Nilikuwa nimefuta wanne, wastaafu wawili na watoro wawili. Dirisha hilo nilikuwa nimelifupisha nilipoanza kazi: linauliza namba, tarehe na sababu, basi. Jina nililiondoa, kwa kuwa Kipyegon aliandika jina moja kwa namna tatu na kulitafuta kulinichelewesha. Saa sita kasoro dakika kumi, orodha inangojewa ubaoni, Kipyegon akaingia na karatasi moja. Juu, 318, mtoro. Nikamwuliza alikuwa wapi tangu asubuhi. Akasema alikuwa Juu, akihakikisha mtu hayuko, ingawa kazi hiyo alishaambiwa aiache. Nikamwambia mimi sina siku nzima ya kuzurura. Nikatia sahihi daftari lake bila kulitazama, nikabonyeza Juu, vichwa vikageuka kijani, nikaandika 318 katika dirisha lile lile lililokuwa wazi, nikafuta. Nikachapisha orodha mbili, ya Juu na ya Chini, nikazibandika, nikaenda kula.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Saa tano hivi nilisikia kelele nje, nikadhani ni wachumaji wanagombania kipimo. Nilipotoka nilimkuta mwanamke amesimama na kikapu cha majani bado mgongoni, watoto watatu wamemshika sketi, na wa nne, msichana mkubwa, amebeba godoro kichwani. Nyapara wa Kambi Nne, Weldon, alikuwa kando yake, anatazama viatu vyake.

Jina lake lilikuwa Jerusa. Alikuwa amechuma chai pale miaka kumi na minne. Mumewe alikufa, na ndugu za mumewe walishapanda mahindi mpaka mahali palipokuwa na nyumba yake kule kwao, kwa hiyo chumba cha Kambi Nne ndicho kilichokuwa kwake, hakuna kingine popote. Hayo yote aliyasema mara moja, bila kulia, akimwambia Kipyegon. Alisema alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuchuma, mtoto akamfuata kwenye mistari ya chai kumwambia kuna watu wanatoa vitu nje. Alifika akakuta kufuli limeshafunguliwa tena na mwanamke mwingine yuko ndani na mtoto mchanga, anawasha jiko.

"Karani, nimeambiwa mimi ni mtoro," alisema. "Jana nilichuma kilo arobaini na mbili. Mtoro anachuma aje?"

Kipyegon akamgeukia Weldon. Weldon akatoa karatasi yangu iliyochapwa: Chini, Kambi Nne, nyumba 27, tupu. Alisema yeye alifuata karatasi, kwani si aliambiwa afuate karatasi? Hapo wote wakanitazama mimi.

Nilirudi kwenye kompyuta nikatafuta. Chini, 318, Jerusa, amefutwa jana, sababu utoro. Nitasema ukweli wangu jinsi ulivyokuwa: jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Nilidhani nimemkamata. Nikatoka nje, mbele ya Jerusa na watoto na Weldon na nusu ya ofisi, nikamwambia Kipyegon kwamba ameniletea karatasi mbovu, kwamba ameandika Chini badala ya Juu, kwamba mtu asiyeweza kuandika jina moja sawasawa mara mbili hafai kushika nyumba za watu. Nilisema mengi. Nilisema hata kwamba labda alikuwa na mtu wake wa kumweka katika nyumba hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari lake juu ya ukuta mfupi wa veranda, akaweka kidole. Juu, 318, Ogari, mtoro. Tarehe, saa, na sahihi yangu imekandamizwa mpaka upande wa pili. Watu waliinama kusoma, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kumtazama yeye.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nikafungua dirisha la kufuta nikiwa Chini. Nikabonyeza Juu. Kijani. Nikaandika namba ya uongo niliyokuwa nimeiweka Juu kwa majaribio, nikafuta. Programu ikasema namba haipo. Nikajaribu namba nyingine ya majaribio, ya Chini, dirisha likiwa bado la kijani linasema Juu. Ikafutwa mara moja.

Nikaelewa. Nilikuwa nimebadilisha mstari, lakini dirisha lililokwisha kufunguliwa lilikuwa limeshaunganishwa na databesi yake, na halikuwa na haja ya kuusoma mstari tena. Ni kama kubadilisha namba ya simu kwenye karatasi wakati tayari unaongea: aliye upande wa pili ni yule yule. Kilichohama ni rangi tu, ile rangi niliyoongeza kwa maringo. Dirisha lilikuwa limeniambia uongo kwa sababu nililifundisha kusema uongo. Na mzee wa kalamu aliliona kwa kutazama mara moja.

Nilimchukia zaidi ya siku zote. Ukimkosea mtu unayempenda unaona huruma. Ukimkosea mtu usiyempenda unaona kama amekuibia kitu.

Kumrudisha Jerusa kwenye databesi kulichukua dakika moja. Safari hii nilifunga madirisha yote kwanza. Lakini kwenye nyumba yake tayari kulikuwa na mtu. Na Ogari, mtoro wa kweli, ndiye aliyeharibu mambo zaidi. Asubuhi ile alirudi kutoka alikokuwa, akajikuta kwenye orodha ya wafanyakazi wa Juu bado yumo, nyumba yake haijaguswa. Sheria ya shamba ilisema mtoro akijileta kabla hajafutwa, anapewa barua ya onyo na kurudi kazini. Msimamizi wa Juu alikuwa ameshampa barua. Ogari alikuwa nyumbani kwake anakula viazi. Shamba zima halikuwa na nyumba tupu hata moja.

Gibson alituita ofisini kwake, mimi na Kipyegon. Jerusa alibaki kwenye veranda na watoto wake. Tulimwona kupitia kioo, ameshusha kikapu lakini hajaketi. Gibson alikuwa na hasira ya mtu anayetaka kwenda Kericho kucheza gofu. Alisema mwanamke aliyeingia Kambi Nne, Chemutai, ameandikishwa kihalali, mumewe ameanza kazi leo, na hawezi kuwatoa watu bila sababu iliyoandikwa. Alitaka kujua aandike kosa la nani. Kisha akaegemea kiti, akasema polepole kwamba makao makuu wanaisifu sana hii kompyuta, na kwamba Kipyegon amebakiza mwaka mmoja astaafu, na makosa ya karatasi hutokea, hakuna atakayelifuatilia. Alikuwa akinifungulia mlango, na Kipyegon alikuwa ameketi pale pale anausikia ukifunguka.

Sitajipamba. Niliutazama mlango ule kwa muda. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mama yangu alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa kanisani kwamba bintiye ndiye anayeendesha kompyuta ya shamba zima. Kipyegon hakunitazama. Alikuwa ameshika daftari lake magotini kwa mikono miwili, na nikaona kwamba hatalifungua. Alikuwa ananingoja nimwonyeshe mimi ni mtu wa aina gani, na jibu alishalijua.

Ni hilo lililonikera. Si wema, tafadhali. Sikuweza kuvumilia awe sahihi mara mbili kwa wiki moja.

"Kosa ni langu," nilisema. "Karatasi ilikuwa sawa. Programu yangu ilifuta mahali pengine na kuniambia imefuta hapa. Aliniuliza kuhusu hilo mbele yako, nikamtukana."

Gibson akaniuliza kama nina hakika, kwa sauti ya mtu anayenipa nafasi ya pili. Nikasema nina hakika. Akaandika, akikwaruza. Miezi yangu ya majaribio ikaongezwa sita, na kisanduku changu kitolewe mpaka kijaribiwe na mtu mwingine. Jerusa arudi nyumba 27 siku hiyo hiyo. Kisha akauliza Chemutai na mtoto mchanga waende wapi.

Kipyegon akakohoa. Alisema, akimtazama Gibson na si mimi, kwamba katika nyumba za wafanyakazi wa ofisi kuna moja yenye vyumba viwili na mtu mmoja. Alitaja namba ya nyumba. Ilikuwa yangu. Alisema ni mpaka nyumba ipatikane tu, na kwamba Madam bila shaka hatakataa, kwa kuwa amekubali kosa kwa mdomo wake. Alisema kwa adabu kabisa. Nilitamani kumtupia kiti.

Nikaenda Kambi Nne na Kipyegon na Jerusa, kwani Gibson alisema lazima aliyekosea awe pale. Chemutai alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa amebandika kurasa za kalenda ukutani na kutundika shuka mlangoni. Kipyegon akasimama nje, akaita jina lake lote, akamwambia kwa Kikipsigis kilichotokea, kwa kirefu, na safari hii sikuona ubaya kutoelewa. Msichana alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Aliuliza kama atahamishwa tena kesho. Nikamwambia hapana, akamgeukia Kipyegon ili asikie kutoka kwake.

Jerusa hakungoja wamalize. Aliingia akabeba jiko la Chemutai, makaa yakiwa bado mekundu, akaliweka nje. Akatoa ndoo. Akang'oa shuka mlangoni, akalikunja, akalitupa juu ya ndoo. Chemutai akaanza kulia, na Jerusa akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba yeye hakumlilia mtu asubuhi. Nilimshika mkono nikitaka kumwomba msamaha. Aliutoa mkono wangu kama mtu anayetoa mdudu, akaendelea kubeba.

Chemutai, mumewe na mtoto walikaa kwangu wiki saba, kwa kuwa walirudishwa nyuma ya foleni ya wanaongojea nyumba. Mtoto alikuwa mlizi. Mume alikuwa akiamka kabla ya kila mtu na kukohoa kwenye jiko langu. Kila asubuhi nilimkuta Kipyegon ofisini, ananisalimia, ananiuliza kama wageni wangu wamelala salama. Sikuwahi kumpa raha ya kulalamika.

Programu niliitengeneza upya: ukichagua divisheni nyingine, inafunga kila dirisha kwanza, inakata konekisheni, ndipo inafungua mpya, na rangi inatoka kwa databesi yenyewe, si kwa kisanduku. Jina la mtu likarudi kwenye dirisha la kufuta. Gibson akamrudisha Kipyegon kwenye kazi ya kutembea mlangoni, bila kutangaza. Tuliijaribu programu hiyo, mimi na karani mwingine, siku tisa, namba kwa namba. Haikukosea tena hata mara moja, miaka yote niliyokaa pale.

Lakini Ijumaa ya kwanza baada ya mambo hayo nilitoka saa sita kasoro kubandika orodha, mvua inanyesha, nikamkuta Jerusa ameshafika mbele ya ubao. Alikuwa ameacha mistari yake ya chai katikati ya asubuhi, kikapu nusu, apron ya plastiki bado kiunoni inachuruzika. Hakujua kusoma. Nikabandika karatasi, nikamwambia, Mama, hakuna mtu wa Kambi Nne hapa, hata mmoja, rudi kazini tu.

"Nangoja karani," alisema.

Nikamwambia Kipyegon amekwenda Juu, hatarudi mpaka saa nane. Nikasema orodha ni fupi, ina nyumba mbili, zote za Kambi Moja, naweza kumsomea. Alinitazama, kisha akaitazama ile karatasi, kisha akasogea mpaka ukutani chini ya ukingo wa paa, kikapu mbele yake, na akangoja mpaka saa nane.